Kesi Iliyofutwa Sebuleni

Mdogo wangu wa kike alipotoka kwa mumewe Lavington na jicho lililovimba, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupiga ripoti kwa polisi. La pili, kuniomba nisiwaambie kaka zetu. Sikuwaambia. Waliliona jicho wenyewe Jumapili, baada ya kanisa.

Siku iliyofuata wakamvizia mumewe kwenye maegesho ya magari katikati ya jiji, wakamvunja taya. Walirudi wakiwa wachangamfu kama watu watokao harusini.

"Tumekutetea, sista," akasema yule mkubwa, akinyoosha vidole vilivyochubuka. "Hiyo mdomo haitakutukana tena."

Dada alitambua kabla yetu sote kwamba sasa kesi zilikuwa mbili.

Kwetu, mambo ya ndoa hayafiki mahakamani kabla wazee hawajayakalia. Wa pande zote mbili walikutana sebuleni kwa mama, Woodley. Mimi nilikaribishwa kwa kuwa ni kifungua mimba na ninafundisha chuo kikuu; mwenye jicho alikuwa jikoni, akipika chai.

Mjomba alilipima shauri kama mtu agawaye nyama. "Kijana alipiga, akapigwa. Hiyo ni droo. Wao waondoe kesi yao, sisi tuondoe yetu, na binti arudi kwa mumewe."

Wanaume wakacheka, wakapeana mikono.

Nikauliza kwa nini jicho la mwanamke lilipiwe kwa taya ambalo si yeye aliyelivunja, wala hakuomba livunjwe.

"Mwalimu," mjomba akanijibu kwa upole, "unataka kaka yako alale rumande?"

Mama akainamisha kichwa. Nilikuwa na hoja nyingine tatu, zote sahihi, na hakuna hata moja iliyoweza kushindana na kile kichwa kilichoinama. Ushujaa wa kaka zangu ulikuwa umemnyang'anya dada yao kitu pekee alichojipatia mwenyewe.

Nilimsindikiza kituoni. Askari akamwuliza kama anaondoa malalamiko kwa hiari yake.

"Kwa hiari ya ndugu zangu."

"Madam, ni ndiyo ama hapana?"

"Ndiyo."

Jumamosi mumewe alikuja kumchukua, taya limefungwa waya. Kaka zangu ndio waliobeba mabegi hadi kwenye gari.

"Karibu tena, shemeji," wakamwambia, nao walimaanisha hivyo.