Shule Maana Yake Nafasi

Mwanangu, siku niliyokubali kufanya kazi Jumamosi naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Msimamizi wetu katika nyumba ya wazee, hapa Gaithersburg, Marekani, alinisifu mbele ya wenzangu kwamba mimi ndiye mtu asiyekataa. Sifa ile ikanilevya. Nikakubali bila hata kumuuliza mke wangu.

Kabla ya hapo, Jumamosi asubuhi ilikuwa yangu na binti yangu Neema, wakati ule ana miaka saba. Tulikuwa tunakaa sebuleni, Kiswahili kitupu, kisha tunampigia simu mama yangu Tabora. Neema anamsimulia bibi yake habari za wiki. Akikwama kwenye neno, namnong'oneza.

Kazini nilimhudumia mzee mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu wa lugha ya Kigiriki. Mikono ilimtetemeka, lakini kichwa chake, we acha tu. Jumamosi moja nikimlisha uji, akaniuliza kwetu mahali wanaposomea watoto tunapaitaje. Nikamjibu: shule. Akafurahi kama aliyekutana na ndugu yake stendi.

Alivyonieleza, nilisahau kijiko mkononi. Wagiriki wa kale walisema skholē, maana yake nafasi, ule muda ambao mtu hana kazi inayomkimbiza. Wenye nafasi walikaa wakaulizana mambo; mazungumzo yale yakaitwa hivyo hivyo, mwishowe na mahali penyewe. Warumi wakalichukua, schola. Ndiyo maana Waitaliano wana scuola, Wahispania escuela, Wafaransa école, Waingereza school, na Wajerumani Schule, hao waliotuletea sisi. Mpaka leo nastaajabu: neno limepita vinywa vyote hivyo, na Tabora limefika bado linatambulika.

"Kila mtu aliazima," akasema, "hakuna aliyerudisha."

Tukacheka. Kisha akauliza kama nina watoto, na saa ile wako na nani. Nikasema ninaye mmoja, mama yake ana shughuli zake, yeye yuko na televisheni.

Akasukuma bakuli pembeni. "Rafiki yangu, mimi mtu yeyote anaweza kunilisha uji. Yule mtoto, nafasi yake ni wewe."

Nilijua amesema kweli. Nikajiambia nitaacha mwezi ujao, na mwezi ujao ukawa miaka.

Basi wewe unayekimbizana na zamu na foleni ya barabara ya 270, mtoto akirudi nyumbani usidhani shule imekwisha. Mpe ile ya Wagiriki: kaa naye bila kutazama saa. Na anayekusifu kwa kutokataa, mkatalie siku moja. Mungu akujalie riziki isiyokula Jumamosi zako, na nyumba yenye maneno mengi.

Neema sasa ni muuguzi hodari, anaishi Germantown, mji wa jirani. Kiswahili anaelewa nusu, anajibu Kiingereza. Mama yangu alipougua mara ya mwisho aliomba kuzungumza naye, nami nikakaa katikati nikitafsiri hadi sauti ya mama ikachoka. Mama alikufa hajaagana na mjukuu wake kwa maneno yao wenyewe.