Tangi Moja, Kwenda na Kurudi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata pale ninapotaka kuisahau. Leo nitakusimulia, kwa sababu umeniletea gari lako nilione, na kabla sijamaliza kuitikia shikamoo yako umeshaanza kujisifu kwamba halili mafuta, linanusa tu. Nimekuona ulivyochanua meno. Kaa hapo. Na hiyo simu iweke mfukoni.

Mimi nilikuwa nalo kama hilo. Fupi, limeinuka, lenye kigia pembeni cha kuyafanya matairi yote manne yavute. Hapa Mwanza enzi zile ukiwa na gari la namna hiyo ulikuwa mtu bwana! Wenzangu waliringia rangi, wengine muziki. Mimi niliringia mafuta. Pale kijiweni tulishindana nani atakwenda mbali zaidi bila kuingia sheli, na nilikuwa nimewashinda wote. Najaza tangi mjini, navuka na kivuko mpaka Kamanga, naingia ndani ndani huko hadi kijijini kwetu mwambao wa ziwa, nashinda huko siku mbili tatu, narudi mjini bila kuongeza hata tone. Tangi moja, kwenda na kurudi. Taa ya njano ikiwaka sikushtuka, maana nilishaipima: bado natembea kilomita arobaini. Ila niliipima kiangazi, njia kavu, niko peke yangu, na matairi mawili tu ndiyo yanavuta. Hilo sikuwaambia wenzangu, na wala mwenyewe sikulitia akilini.

Basi, masika moja nikaenda kijijini kumsalimia mdogo wangu Minza. Alikuwa mjamzito, miezi imeenda sana, anatembea kwa kushika kiuno huku anacheka. Asubuhi ya siku ya tatu akaanza kutokwa na damu. Tukamkimbiza zahanati. Nesi alimwangalia mara moja tu, uso ukambadilika. Akaandika barua ya rufaa, akaniambia, “Baba, huyu avuke Mwanza leo. Muwahi kivuko cha mchana, msisubiri cha jioni.” Tunamshukuru Mungu gari lipo, wote wakasema hivyo. Mama alinishika mkono akasema, “Mwanangu, mfikishe mwenzio.”

Minza tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mume wake, shemeji yangu Masanja. Tope lilikuwa la kutisha, nikaingiza kile kigia tangu tunatoka. Tulipofika pale senta, penye sheli pekee iliyokuwapo njia nzima, taa ya njano ikawaka.

Masanja akaiona. “Shemeji, hiyo taa si ya mafuta?”

“Tulia, shemeji. Hili nalijua.”

“Tuweke hata kidogo, dakika mbili tu.”

“Nimekwambia tulia. Hili linanusa.”

Nikapita. Na sasa nikwambie jambo ambalo nimekaa nalo miaka yote hii. Sikupita kwa kuogopa kuchelewa. Nilipita kwa sababu nilikuwa nafikiria kijiwe. Niliwaza nikiweka mafuta pale, basi ile sifa ya tangi moja imekwisha. Mdogo wangu anavuja damu nyuma ya mgongo wangu, mimi nawaza nitawaambia nini jamaa kijiweni! Ee Mungu wangu.

Mbele ya senta njia ikaharibika zaidi. Gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena, injini inalia, matairi manne yanachimba. Mwanangu, kile kigia kikiingia kwenye tope, gari halinusi tena, linabugia. Zile kilomita arobaini zangu hazikufika hata ishirini. Tukapanda kilima cha mwisho, ziwa tukaliona, na kivuko tukakiona kimetulia Kamanga kinapakia. Hapo hapo gari likakohoa mara mbili, likazimika.

Masanja alimlaza mkewe taratibu, akavua viatu, akateremka kile kilima anakimbia kwenye tope. Nikabaki na Minza. Hapakupita gari lingine, nani apite na njia ile? Akaniuliza, “Kaka, tumefika?” Nikamwambia bado kidogo. Baadaye akauliza tena, kwa sauti ndogo. Kivuko kikapiga honi, nikakiona kinaacha ufukwe. Hakuuliza mara ya tatu.

Masanja alirudi ameshika chupa mbili za maji zimejaa petroli aliyoinunua kivukoni. Alichungulia ndani, akazishika vilevile hizo chupa, akakaa chini kwenye matope. Mimi ndiye niliyezimimina. Na gari likawaka, mwanangu. Likawaka mara moja, kama hakuna lililotokea, na mafuta ya zile chupa mbili yaliturudisha mpaka pale sheli. Tulimzika na mtoto wake tumboni.

Msibani niliwaambia watu kwamba pampu ya mafuta ilikufa. Wakanipa pole, wakasema ndiyo mambo ya magari. Masanja alikuwa amekaa pale pale anasikia. Tulipomaliza matanga akaniita pembeni, akaniambia, “Shemeji, nimenyamaza kwa ajili ya mama yenu. Ningesema, angekuwa amepoteza watoto wawili. Lakini mimi najua, na wewe unajua.” Hakuwahi kukanyaga kwangu tena, na simlaumu hata chembe.

Mama alifariki miaka mingi baadaye. Mpaka siku za mwisho alikuwa akiniombea kila jioni, anamwambia Mungu anibariki kwa jinsi nilivyohangaika na mdogo wangu. Nilikuwa nakaa pembeni yake, naitikia amina. Sikuweza kumwambia. Nilijaribu, mdomo ukakataa.

Kwa hiyo usiniulize gari lako linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Mwulize aliyelipeleka kwenye tope, amepakia watu, kigia kimeingia, mvua inanyesha. Hiyo ndiyo hesabu yake. Taa ikiwaka, weka mafuta. Mtu akikwambia tuweke, weka, hata kama unajua kuliko yeye. Ukishambeba mtu, hilo gari si la kuonyeshea sifa tena, ni la kumfikisha. Na ukikosea, useme mapema, wakati anayestahili kukusamehe bado yupo.

Haya, nenda. Mungu akupe kiasi, mwanangu, akuepushe na sifa za kijinga, na kila atakayepanda gari lako ashuke kwa miguu yake mwenyewe.