Nilimpa mgeni rasmi dakika za Zuhura

Nimekosa. Nalisema mapema ili usisome hadi katikati ukitafuta wa kumlaumu. Wa kulaumiwa ni mimi, na siku hiyo nilikuwa nimevaa suti ya kuazima.

Jina langu liacheni. Nina kibanda cha makava ya simu Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, na nikishafunga huwa naandika tamthilia. Mkitaka kucheka chekeni, hata mama yangu alicheka.

Tamthilia yangu ya kwanza ilihusu bomba. Watu wa mtaa mmoja kule Buguruni wamekaa miaka bila maji, siku moja wanaletewa bomba. Maji yapo, yanasikika kabisa yakinguruma ndani, lakini haruhusiwi mtu kufungua mpaka aje mgeni rasmi akate utepe. Wanasubiri na ndoo zao siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwishoni mwanamke mmoja anauliza, "Kwani kiu yangu nayo inamsubiri mgeni?" Anafungua bomba kwa mkono wake mwenyewe, na mchezo unaisha.

Ikumbukeni hadithi hiyo, maana mwandishi wake aliisahau!

Mwanamke wa bomba alikuwa Zuhura. Si jina lake, lakini nitamwita hivyo. Anamsaidia baba yake, Mzee Sefu, kwenye duka lao la tende na viungo karibu na soko. Msichana mpole, akipimia mteja iliki husikii sauti yake. Lakini akisimama na ile ndoo akauliza lile swali, sisi wenzake tulikuwa tunasahau zamu zetu.

Tulikuwa sita. Kila Jumapili tulifanya mazoezi uani kwa Jayantibhai, mzee wa Kihindi anayeuza sufuria chini ya ghorofa iliyojengwa na babu yake. Wapangaji walitutazama kutoka varanda za juu. Mke wake alishajua mchezo wote, mtu akisahau maneno anakumbushwa kutoka ghorofa ya pili.

Siku moja Jayantibhai akaniuliza, "Sasa nyinyi mnangoja nini? Jumapili ijayo nafungua geti, watu wanakaa kwenye makreti, mnacheza. Mtaa mzima unaniuliza hawa watoto wanapiga kelele gani humu ndani."

"Mzee, hii ni tamthilia," nikamwambia. "Inataka ukumbi."

"Ukumbi una nini?"

"Una meza kuu."

Jamani! Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, na nikaona nimejibu kisomi.

Zuhura akanivuta pembeni. "Kaka, tucheze hapahapa. Baba amekubali kuja." Hapo lazima mfahamu jambo moja. Mzee Sefu alikuwa hataki kusikia habari za maigizo, kwake binti kupanda jukwaani ni kujianika. Zuhura alimbembeleza kwa miezi, mpaka mzee akasema atakuja mara moja tu aone kwa macho yake. Akiridhika hatasema tena. Asiporidhika, mwisho. "Hapa ni hatua chache kutoka dukani," Zuhura akasema, "na Jayantibhai wanajuana. Atakaa kwa amani."

Nikamwambia baba yake atakaa kwa amani zaidi kwenye kiti chenye kitambaa.

Kila niliyemuuliza jinsi ya kupandisha tamthilia ya kwanza alinipa jibu lile lile: tafuta mgeni rasmi. Ukiwa na mgeni rasmi, ukumbi unapata, wafadhili wanakuja, wapiga picha wanajileta. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza tamthilia inahusu nini. Na mimi niliyeandika kurasa sitini za kumcheka mgeni rasmi, nikaanza kumtafuta mgeni rasmi kwa udi na uvumba!

Nikampata kupitia shemeji yangu, anayefahamiana na dereva wa mheshimiwa mmoja. Msaidizi wa mheshimiwa ndiye pekee aliyetaka kujua habari za mchezo.

"Unahusu nini?"

"Maji."

"Maji ni salama. Ila usije ukamsema mtu."

Nikaenda nyumbani nikamfuta mgeni rasmi kwenye tamthilia nzima. Mahali pake nikaweka fundi. Yaani watu wanamsubiri fundi aje afungue bomba. Zuhura alisoma karatasi mpya, akanitazama kama mtu anayetazama chenji pungufu.

"Kaka, sasa kama wanamsubiri fundi, si wana haki kusubiri? Bomba litakuwa bovu."

"Watu wataelewa," nikamwambia. Hata mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa.

Ukumbi tukapata, na siku ikafika, Jumamosi, saa nane mchana. Mzee Sefu alikuja saa saba na nusu, kanzu imepigwa pasi na kofia ya kufuma. Nilimpokea mlangoni mwenyewe. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Mnaanza saa nane?" "Saa nane kamili, mzee."

Hatukuanza saa nane. Mgeni alikuwa njiani. Saa tisa alikuwa njiani. Saa kumi mzee akainuka akatoka, moyo wangu ukashuka, kumbe alikwenda kuswali alasiri. Akarudi akakaa kiti kilekile. Hadi leo kule kurudi kwake ndiko kunakoniuma kuliko yote.

Nyuma ya pazia Zuhura alikuwa tayari, kanga mbili na ndoo. "Tuanze tu," akasema, "akija atatukuta." Nikamwambia itifaki hairuhusu. Itifaki! Mimi muuza makava!

Saa kumi na moja ikaingia gari. Mheshimiwa alikuwa na udhuru, akatuma mwakilishi. Mwakilishi naye alikuwa na udhuru, akatuma kijana wa ofisini, mwembamba, ambaye nadhani na yeye angekuwa na mtu wa kumtuma angemtuma. Nikampokea kama mfalme. Dada niliyempanga kumpa shada la maua alishachoka kusubiri, akaenda zake. Nikamshika Zuhura mkono.

"Nenda kampe wewe. Piga goti kidogo tu."

"Na nguo hizi? Baba yuko pale mbele."

"Kidogo tu, Zuhura. Niokoe."

Akaenda. Akapiga goti na kanga zake za mchezo mbele ya kijana wa ofisini, watu wakapiga makofi, mpiga picha akasema rudia, hakupata vizuri. Akapiga goti mara ya pili. Mimi nilikuwa pembeni natabasamu, na picha ninayo.

Kisha utambulisho. Meza kuu ikatambulishwa, na kila aliyetambulishwa akaomba amtambulishe mwenzake. Tulipoanza mchezo wenyewe saa ilikuwa imekwenda sana. Tulikuwa katikati ya onyesho la pili, watu wamesimama na ndoo, Zuhura bado hajasema neno, meneja wa ukumbi akanifuata nyuma ya pazia.

"Kaka, una dakika kumi. Saa kumi na mbili kuna harusi, wapambaji wako mlangoni."

Dakika kumi. Na mambo mawili yalibaki: onyesho la mwisho, la Zuhura na bomba, au risala. Risala niliiandika mimi, na ningeisoma mimi. Ilikuwa na jina langu mara tatu.

Nisingeweza kufanya yote mawili. Nilijua Mzee Sefu yuko pale, nilijua amekuja kuona nini. Lakini nilijiambia kijana wa ofisini akiondoka bila risala, sitapata ukumbi tena maishani. Nikamwambia Zuhura, "Lako tutalicheza siku nyingine."

Aliweka ndoo chini taratibu, kama ina maji.

Nikapanda jukwaani nikasoma, "Ndugu mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa..." Nikasoma kurasa zote nne, kijana akiangalia simu, wapambaji wakipitisha maua ya harusi nyuma yangu.

Nilipotoka nje nilimkuta Mzee Sefu amesimama na binti yake. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Nimeona," alimwambia. "Twende nyumbani." Zuhura akaenda. Hakurudi mazoezini, wala hao wengine wanne hawakurudi.

Na sasa sikilizeni kichekesho. Ile picha niliitundika kibandani, na vijana wanaoandika wanakuja kuniuliza, "Kaka, ulifanyaje mpaka tamthilia yako ikapanda jukwaani?" Nimekuwa bingwa! Mchezo ambao haujachezwa mpaka mwisho hata mara moja, na mimi ndiye mwalimu wake.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda dukani kuomba radhi. Kulikuwa na wateja. Zuhura akaniona, akasema kwa sauti ya kutosha, "Karibu, mgeni rasmi." Wateja wakacheka. Akawahudumia wote, hata waliokuja baada yangu. Nilisubiri, nilistahili.

Wateja walipokwisha, nikageuka kwa Mzee Sefu, aliyekuwa akichambua tende, nikaanza, "Mzee, siku ile..."

Akanikatiza kwa upole. "Kijana, nilikuwa nataka kukuuliza. Ule mchezo wenu ulihusu nini?"

Masaa manne alikaa kwenye kile kiti! Nikamsimulia. Na nilimsimulia ule wa kwanza, wenye mgeni, sio wa fundi. Nilipofika kwenye ndoo akaanza kucheka, akaacha kuchambua tende. "Haya mambo yapo," akasema, "haya yapo kabisa. Na mwanangu alikuwa nani humo?"

"Ndiye mwanamke anayechoka kusubiri, mzee. Ndiye anayefungua bomba."

Akamtazama Zuhura, ambaye alikuwa ameinamia mizani kama anasoma kitu pale. Kisha akanigeukia mimi.

"Mbona mimi sikumwona akifungua?"

"Tulikata, mzee."

"Nani alikata?"

"Mimi."

Alitikisa kichwa, akarudia tende zake. Ua wa Jayantibhai sasa umejaa maboksi ya mabeseni hadi kwenye varanda, ameugeuza stoo. Nimemwomba, anasema nimsubiri auze mzigo. Zuhura nimemwomba arudi, naye hajajibu.

Wadogo zangu mnaoandika, msije tena kibandani kuniuliza njia. Mkipata ua na watu kumi waliokaa kwenye makreti, na mmoja wao ni baba wa mwigizaji wenu, anzeni saa mliyosema. Mgeni rasmi akija, atawakuta katikati.