Mtoto Wangu Aliniambia Sina Uso

Wakuu, nisomeni mpaka mwisho ndipo mnitukane. Nitakuwa nimestahili.

Mwaka jana mwezi wa sita, saa nne asubuhi, nimekaa nje nachuja asali. Binti yangu Yustina, miaka saba, akanitazama akaniambia:

"Baba, huna uso."

"Sina nini?"

"Uso. Masikio nayaona, nywele naziona. Katikati hakuna kitu."

Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa plasta. Alikuwa ananitazama kwa la kushoto.

Hiyo plasta ilitoka zahanati. Mwalimu wake alimwona anasoma ubaoni huku amegeuza shingo, tukampeleka, tabibu akasema ni jicho vivu. La kushoto limezembea, ubongo umezoea kulitegemea la kulia. Dawa yake ni kulifunika lile zima saa chache kila siku, ili vivu lilazimike kufanya kazi.

Nikaona rahisi tu.

Ila kila nikimfunika ni kilio. Ananyoosha mkono kuchukua kikombe, anakikosa. Nikajua ananifanyia deko. Siku hiyo aliyosema sina uso, nilimzaba kofi.

Hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Mkono nimeuona, baba. Uso ndio haupo."

Mke wangu Recheli akaacha kupepeta.

"Baba Yustina, huyu mtoto amefanywa kitu."

Na mimi, kwa mdomo huu huu, nikajibu: "Bibi Mhoja."

Bibi Mhoja alikuwa jirani yetu hapa Ipole, mjane, anaishi peke yake na kuku wake. Wakati wa Kwaresma alimshika Yustina kidevu njiani, akasema, "Mjukuu wangu, una macho mazuri wewe." Nilikuwepo, na tulicheka wote. Sasa nikaikumbuka siku ile, nikaona kama alikuwa anachagua wa kumroga.

Jina lake nililitaja mara moja tu. Lakini mdogo wangu Festo alikuwa pale, amekuja kuazima baiskeli. Aliondoka bila hiyo baiskeli, kwa mwendo wa haraka.

Kufika jioni vijana wanapita mbele ya nyumba ya bibi yule bila kumsalimia. Asubuhi yake kuku wake wawili wakakutwa mlangoni wamekatwa shingo. Anayevijua vijiji vyetu anajua kinachofuata.

Recheli akang'ang'ania kwanza tumpeleke mtoto Tabora mjini, kulikuwa na mabingwa wa macho wamekuja kwa wiki moja. Nikakubali shingo upande.

Festo akatusindikiza mimi na mtoto mpaka kwenye basi. "Nenda, kaka. Hospitali wakisema hawajaona ugonjwa, sisi tutamaliza."

Mnaielewa hiyo? Daktari akikosa ugonjwa, bibi anakufa.

Daktari alikuwa mama mmoja kati ya mabingwa hao, Dokta Nihal. Akamkalisha Yustina kwenye mashine inayopiga picha nyuma ya jicho, kisha akaniita kwenye skrini.

"Hii inaitwa retina. Ni ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha, na ina tabaka nyingi. Jicho likiwa vivu tu, mara nyingi tabaka hizi tunazikuta karibu na kawaida, shida iko kwenye ubongo. Tazama hili la kulia, liko vizuri."

Akaleta la kushoto. Tabaka zilikwenda vizuri, zikafika katikati kabisa, zikakatika. Palikuwa padogo kuliko mbegu ya mchicha.

"Hapa pameungua," akasema. "Na hapa ndipo tunapotumia kusoma na kutambua sura. Mtoto hakukudanganya. Akikutazama usoni, uso ndio unaopotea. Na kumfunika hakutaponya hili."

Nikashusha pumzi. Ugonjwa umeonekana, bibi amepona. Nikauliza, "Pameungua na nini?"

Hakunijibu mimi. Alimwinamia mtoto. "Yustina, huwa unatazama jua?"

"Natazama nyuki," Yustina akasema. "Nafumba hili la kulia, nafumbua hili la kushoto. Baba alisema nisipepese, nitawapoteza."

Wakuu, nilichoka.

Sisi warina asali tukitafuta nyuki wa porini tunasimama kuelekea jua likiwa chini. Nyuki akipita kwenye mwanga, mabawa yanawaka, unajua anaelekea mti gani. Marehemu baba alinifundisha kutazama pembeni ya jua. Mimi kumfundisha Yustina nilifanya harakaharaka, hilo la pembeni sikulisema. Mtoto akawa anawaona nyuki kuliko mimi, nikamsifia kijiji kizima. Kumbe kila jioni alikuwa anajizoeza peke yake ili nimsifie tena.

"Litarudi?" nikauliza.

"Labda kidogo. Siwezi kukuahidi."

Nikampigia Festo. "Aliyemuumiza mtoto ni mimi. Ni jua, na jua nimemtazamisha mimi."

Akasema, "Kaka, wamekuchezea akili huko." Akakata.

Nilimwacha Yustina kwa shemeji yangu palepale mjini, nikapanda basi mpaka Sikonge, kutoka pale nikachukua bodaboda. Saa kumi na moja jioni nikawakuta vijana kama kumi na watano uwanjani kwa Bibi Mhoja, wameshika mapanga. Nikapita katikati yao, nikasimama mlangoni, nikanyanyua picha ya retina aliyonichapia daktari.

"Mnayemtafuta ni mimi. Anzeni na mimi."

Niliwaeleza yote, hata kofi. Festo alitazama chini. Mmoja mmoja wakaondoka.

Nikabisha hodi. Nikasukuma mlango. Ndani hamkuwa na mtu, na majivu jikoni yalikuwa ya siku kadhaa. Kumbe bibi aliondoka siku ileile ya kuku, bila mtu kujua.

Nilimpata baada ya wiki mbili, Nzega, kwa mtoto wa dada yake. Nikapiga magoti uani.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Akauliza, "Mtoto anaona?"

"La kulia anaona. La kushoto bado."

"Wilbroad, jina langu ulilitaja mara ngapi?"

"Mara moja, bibi."

"Miaka arobaini na moja nimeishi pale," akasema. Akanyanyuka kwa shida, akaenda mpaka mlangoni. "Marahaba."

Akaingia, akafunga. Ipole hajarudi hadi leo, na shamba lake limeota magugu.

Mtoto akikwambia jambo la ajabu, muulize yeye kwanza. Mimi niliyekuwa naishi naye, nilisubiri mgeni aje amuulize.