Siku Telesia Alipokaa Nje ya Ukumbi

Rafiki yangu Telesia hakuwa mwigizaji hata kidogo. Tulikuwa tunafunga matunda ghalani huko Auckland, watu wa filamu wakamwokota tu, acheze mke anayemuaga mumewe kitandani. Ilipoonyeshwa kule mjini nilikuwepo. Mume anakata roho, Telesia anajilaza ubavuni mwake, anambusu mdomoni. Ukumbi mzima kwikwi! Mimi mwenyewe nililia hadi kamasi.

Basi sijui shetani gani akamtuma ailete kijijini kwetu, kisiwani Vavaʻu. Alitaka mtu mmoja tu aione: Kepueli, kaka yake, aliyemlea wazazi walipokufa.

"We, umerukwa na akili?" nikamwambia. "Tangu lini kwetu kaka na dada wakatazama filamu pamoja? Mwiko huo umeusahau?"

"Pamoja wapi, mwenzangu? Yeye ndani, mimi nje. Ya nini roho juu?"

Nami, mjinga mwenzake, nikaona kapata dawa. Siku ya kuionyesha akakaa nje ya ukumbi wa kijiji, juu ya tangi la maji. Kepueli, mkeka mpya kiunoni, vazi letu la heshima, akakalishwa mbele karibu na mchungaji, anatabasamu kama bwana harusi.

Kilipotokea kile kitanda, hakuna aliyemwona mgonjwa. Tulimwona dada yake Kepueli, mkubwa kama nyumba, kalala na mwanamume, na kaka mtu yuko pale pale anatazama. Watoto wakacheka. Mtu akapaza sauti nyuma, "Kepueli, msalimie shemeji!" Kepueli akainuka, kichwa chini, akatoka.

Telesia akaruka kutoka tangini. "Kaka! Umeipenda?"

Akampita bila kugeuka.

Hakumtukana hata siku moja, na hapo ndipo palipouma. Kila mavuno, viazi vikuu vya kwanza vilifika kwa dada kama desturi, ila vililetwa na mkewe. Telesia akiingia kanisani, Kepueli anatoka kwa mlango wa pili.

"Bora angenipiga," aliniambia, analia. Hakurudi Auckland. Alingoja miaka. Kepueli akaugua, akakataa dada yake asiitwe.

Alipofariki tukamwita. Kwetu dada ndiye hukaa kichwani pa maiti. Alikaa kutwa nzima bila chozi, kisha akainama sikioni mwa kaka yake, sote tukasikia:

"Leo hutoki, kaka?"