"Dada, sogea, unaziba bango"

Nina hasira kweli kweli.

Leo tumetembea kutoka Mitwero mpaka Lindi mjini, kikundi chetu kinachangisha fedha za viti vya magurudumu.

Jirani yangu Somoe hatembei tangu utotoni. Kaja na sisi njia nzima, anasukuma magurudumu kwa mikono yake mpaka viganja vimechubuka.

Tumefika, wageni rasmi wakapangwa kupiga picha. (Wao walikuja na magari, tuyaache hayo.)

Mshereheshaji akamwambia Somoe: "Dada, sogea, unaziba bango."

Jamani!

Bango lenyewe lina picha yake!

Somoe kasogea. Tena kaomba samahani.

Mimi nimelikunja bango, nimempakatisha. Mnaosema sina adabu, semeni hapa hapa. Na anayelitaka akamwombe mwenye sura.