Sindano ya Ng'ombe

Asubuhi ya pili baada ya sindano mbwa hakuwa ananiona tena. Nilipitisha mkono mbele ya macho yake, hakupepesa. Mate yalimchuruzika yakalowesha manyoya ya kifuani, yale niliyoyachana juzi yake. Alitupatupa miguu kama anakimbia, naye amelala. Nilimpakata kichwa, nikamwita, sikio moja likasogea. Kabla ya kengele ya saa sita ya misheni alikuwa amekufa mapajani kwangu, kwenye sakafu ya jikoni.

Naandika mwenyewe. Niliishia darasa la nne, atakayeona nimekosea herufi anivumilie. Lakini nani alifanya nini, hapo sikosei.

Mume wangu alipokufa ndugu zake walinitoa kihambani, shamba la ukoo wao, na migomba niliyoipanda kwa mikono hii ikabaki kwao. Nikapanga chumba Majengo, kule mjini, nikafua nguo za watu, mpaka mama mmoja aliyekaa Ulaya miaka mingi akarudi kwao mlimani, Kilema, akitafuta mtu wa kazi za nyumbani. Alirudi na mbwa. Mbwa wa kuchunga kondoo, alisema, mweusi na mweupe, manyoya yanakaribia kufagia ardhi.

Achunge kondoo gani huku kwetu? Ng'ombe wetu wanazaliwa bandani na kufia bandani, majani wanaletewa. Mbwa alikaa mbele ya banda siku nzima akingoja watoke. Hawakutoka. Basi akaswaga kuku. Akaswaga na kina mama wanaopanda na mizigo ya majani kutoka tambarare. Anawazunguka kwa nyuma, hamgusi mtu, mpaka wote wanatembea wamebanana. Walimtukana, na kwangu wakapata la kucheka.

"Wewe mama, mbwa unamchana kila siku, na kichwa chako hakijasukwa tangu Pasaka!"

"Mwache, ndiye bwana wake huyo. Huyu angalau hampigi."

"Na halewi," nikawajibu.

Nilimchana kweli. Kila asubuhi, nyuma ya masikio na kwapani, manyoya yanakosokotana. Ukiacha fundo siku chache, chini yake unakuta kidonda. Kupe walikuja na yale majani ya tambarare. Niliwatoa kwa vidole, nikawatia kwenye kopo la mafuta ya taa. Alikuwa anavumilia, kidevu juu ya goti langu. Tangu nifiwe hakuna mwingine aliyenisogelea bila kwanza kuuliza mimi ni wa nani.

Mwenye nyumba akarudi Ulaya kutibiwa. Alibandika karatasi kwenye kabati la jikoni, Kiingereza kitupu. Chakula na kuchana alinieleza kwa mdomo. "Mengine kaka atakusomea," akasema. Kaka yake anakaa nyumba ya jirani na shule anayo. Hakunisomea.

Mvua zilipokatika kupe walizidi. Kaka akaja na bwana mifugo, amekuja kuwadunga ng'ombe dawa ya kupe na minyoo.

"Na huyu mwenye rasta?" bwana mifugo akauliza. "Tumpe na yeye, kupe si ni wale wale?"

Nikasema, "Bwana, kuna karatasi jikoni. Mama aliacha maagizo ya mbwa. Isomeni kwanza."

Kaka akaingia. Nilimwona dirishani, amesimama mbele ya kabati, karatasi iko usawa wa pua yake. Akatoka.

"Mambo ya chakula tu. Dada yangu amekuwa Mzungu, anamwandikia mbwa barua. Dunga."

"Lakini dawa hiyo si ya ng'ombe?"

"Mama, udaktari umesomea Majengo?"

Wakacheka. Wakaniambia nimshike, kwa sababu kwangu alikuwa anatulia. Nikamshika. Sindano ikiingia alikuwa ananitazama mimi.

Tulipokwisha kumzika niliibandua ile karatasi nikaipeleka kwa sista wa misheni. Aliisoma, akaisoma tena.

"Mama, hii imeandikwa juu kabisa, tena kwa wino mwekundu. Mbwa wa aina hii asipewe dawa ya ng'ombe ya minyoo na kupe, hata kidogo. Inamuua."

Nikaikunja, nikamsubiri mwenye nyumba arudi. Alirudi, lakini kaka alinitangulia. Alikwenda na isale. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na akishalipokea amesamehe, hafukui tena. Yeye alilipeleka kwa jina langu. Akawaambia wazee wa ukoo kwamba mimi ndiye niliyemwita bwana mifugo bila yeye kujua, na sasa naogopa kuja mwenyewe. Wakaniita nipokee msamaha.

"Nimekusamehe, mama," mwenye nyumba akaniambia, macho yamemvimba kwa kulia.

Nikaitoa karatasi. Mzee mmoja akanishika mkono. "Isale limeshapokelewa. Kaa chini."

Kaka alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kazi niliiacha wiki ile ile. Sasa Kilema nzima mimi ndiye mama aliyeua mbwa. Nikipita na kikapu, kina mama wa majani, wale wale, wanashusha sauti.

Mimi sikutuma isale. Msamaha huo si wangu, urudisheni. Wewe bwana mifugo, ulijua dawa ile ni ya mnyama gani ukacheka, kwa nini? Wewe mama mwenye nyumba, ulijua sisomi Kiingereza. Habari ya brashi ulinieleza kwa mdomo, ya kifo ukaiacha kwenye karatasi. Ulimwachia nani? Na wewe kaka, pale kabatini ulisoma nini?

Wazee mliolipokea jani, ketini tena na mniite. Karatasi ninayo. Mpeni kaka aisome kwa sauti mbele yenu, mstari wa juu kwanza, halafu atutajie aliyemuua yule mbwa.